Kuomba Mbinu Si Kukabidhi Sampuli

PCR ni mbinu ya kunakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni ili kiweze kuonekana na kusomwa, na ni mbinu inayokwama kwa urahisi. Kichupa huingizwa kwenye mashine kikiwa na kila kilichoagizwa na itifaki. Baada ya saa mbili hivi mchanganyiko hupitishwa kwenye jeli ya agarozi, na mahali palipotarajiwa mstari unaong'aa pana giza tupu. Huenda DNA ilikuwa imeharibika tangu mwanzo. Huenda vitendanishi vimepoteza nguvu kwa kuyeyuka na kuganda tena na tena kila umeme ulipokatika. Huenda joto la kuunganisha praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, lilikuwa juu mno, au ndani ya sampuli mna kitu kinachozuia mmenyuko. Jeli haisemi ni kipi kati ya hivyo. Mtafiti aliyefika hapo, awe Lubumbashi au London, hana budi kuomba msaada, na ombi lake huchukua moja ya sura mbili: ama anauliza afanyeje, ama anaomba afanyiwe.

Kwa mji kama Pweto, maoni yaliyoenea ni kwamba sura ya pili ndiyo ya busara. Pweto upo kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale Mto Luvua unapotoka ziwani kwenda kuungana na Lualaba. Kutoka Lubumbashi ni karibu kilomita 400 hata kwa mstari wa angani, na barabara wakati wa masika ni habari nyingine. Kwa hiyo, husemwa, kazi ya mtu wa Pweto ni kukusanya: akate kipande cha pezi la samaki, achukue kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu, aandike namba kwenye kichupa, atume. Mtafiti wa Lubumbashi naye apokee, apange, atume mbele zaidi, mpaka vichupa vifike kwenye maabara ya Ulaya au Marekani yenye umeme usiokatika, vitendanishi vipya na mafundi waliozoea. Huko kazi itafanywa kwa siku chache, kwa usafi, na pengine kwa gharama ndogo kuliko kuagiza kimeng'enya kwa ndege. Kumfundisha mtu wa hapa kutatua PCR iliyokwama ni kupoteza muda wa kila mmoja.

Hoja hii ina uzito wake. Gharama ni za kweli. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri isiyo na umeme wa uhakika ni sanduku tu, na pesa ya jenereta haimo katika bajeti nyingi za utafiti. Lakini hoja yenyewe imesimama juu ya dhana moja isiyosemwa: kwamba ujuzi wa jenetiki ya molekuli umo ndani ya mashine, na kwamba sampuli ni kitu kilichokamilika, kinachoweza kutenganishwa na aliyeichukua bila hasara. Dhana hiyo ni ya uongo, na uongo wake huonekana mapema, tangu kwenye kichupa.

Pezi la perege wa Mweru, Oreochromis mweruensis, lafaa kuwa mfano. Likitiwa katika formalini, kama ilivyokuwa desturi ndefu ya wakusanyaji wa samaki wa makumbusho, umbo la samaki hudumu lakini DNA hukatikakatika na kufungwa na protini zilizoizunguka. Likitiwa katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, DNA hudumu, ila kwa masharti: nyama iwe kidogo sana kuliko alkoholi, na alkoholi ya kwanza ibadilishwe baada ya siku moja, kwa sababu maji ya nyama huipunguza nguvu. Kifuniko kisichobana kwenye joto la ukanda wa ziwa hupoteza alkoholi kabla gari halijafika Lubumbashi. Spiriti ya kuwashia, yenye viongezo vyake, huleta matokeo yasiyotabirika. Fundi wa maabara ya mbali anayepokea kichupa hayajui hayo yote. Yeye huona DNA mbovu, huandika kwamba sampuli imeshindwa, na kesi hufungwa. Kosa lilikuwa dogo na lingerekebishwa kwa swali moja, lakini swali hilo angeweza kuliuliza mtu mmoja tu, yule aliyekuwa ufukweni kichupa kilipojazwa.

Samaki wengi wa Mweru hufika masoko ya Lubumbashi wakiwa wamekaushwa, wametiwa chumvi au wamefukizwa moshi. Mtafiti anayetaka kujua ni spishi gani zinazouzwa hutumia kwa kawaida kipande cha jeni ya COI chenye herufi 650 hivi, ambacho tangu mapendekezo ya Paul Hebert ya mwaka 2003 kimekuwa kitambulisho cha wanyama duniani kote. Kwa samaki mbichi mbinu hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa samaki wa moshi huweza kushindwa kabisa, kwa kuwa DNA yake imekatika vipande vifupi kuliko herufi 650, na hakuna kimeng'enya kiwezacho kunakili njia iliyokatika. Dawa yake inajulikana: praima zinazolenga kipande kifupi, cha herufi mia moja au mia mbili. Mtu anayejua kwamba samaki huyo alikaa juu ya moto ataulizia dawa hiyo mara moja. Asiyejua atabadilisha joto, magnesi na kimeng'enya, wiki nzima, bila mafanikio.

Kinyesi cha mgonjwa kina tatizo la namna nyingine. Wilaya za maziwa za eneo lililokuwa jimbo la Katanga, Pweto ikiwamo, zimekaa na kipindupindu kwa miaka mingi, na kuthibitisha kwamba bakteria ni yule mwenye sumu kunahitaji kutafuta jeni ya sumu hiyo, iitwayo ctxA. Kinyesi kina chumvi za nyongo na sukari changamano zinazokilemaza kimeng'enya cha PCR. Maji ya ziwa na tope yana asidi za mboji zinazofanya vivyo hivyo. Hapa mtu asiye na wa kumuuliza hufanya jambo linaloonekana la akili: anaongeza DNA zaidi. Akiongeza DNA anaongeza na kizuizi, na jeli hubaki giza. Aliyefundishwa na mwenzake hufanya kinyume, anapunguza ukali wa sampuli mara kumi kwa maji safi, au anatia albumini ya ng'ombe inayokinasa kizuizi, na mstari unatokea. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichohama ni sentensi mbili kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na mwaka wa kazi umeokolewa.

Watetezi wa kutuma hujibu kwamba maabara kubwa zinayajua haya yote. Zinayajua, naam, kwa jumla. Lakini kujua kwa jumla hakutoshi, na ushahidi mzito kuliko wote umetoka Kongo yenyewe. Mwezi Septemba 2023 ugonjwa wa mpox ulianza kuenea Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini. Kulikuwapo kipimo cha PCR kilichobuniwa Marekani kutambua mahsusi tawi la I la kirusi, tawi la Afrika ya Kati. Kipimo cha jumla cha mpox kilitoa chanya kwa wagonjwa wa Kamituga. Kile mahsusi cha tawi la I kilitoa hasi. Msomaji wa haraka angesema kirusi hiki si cha tawi la I, au angesema mafundi wa Kivu wamekosea. Yote mawili yangekuwa makosa. Usomaji wa jenomu, uliofanywa na watafiti wa Kongo pamoja na washirika wao na kutangazwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kirusi cha Kamituga kimepoteza kipande cha zaidi ya herufi 1,000, na ndani ya kipande hicho ndimo ilimokuwa shabaha ya kipimo. Kirusi kilikuwa cha tawi la I, ila la namna mpya, ambayo sasa huitwa Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa.

Tukio hilo lapaswa kuumaliza ubishi. Kipimo bora cha nchi tajiri kilikuwa kipofu mbele ya kirusi cha mji mdogo wa Kongo, na upofu huo haukuwa na dalili isipokuwa matokeo mawili yasiyopatana. Kutopatana kwa matokeo hugeuka kuwa ugunduzi pale tu anayeyasoma anapojua mbinu kwa undani wa kutosha kuuliza: praima hizi zinashika wapi, na je, mahali hapo pangalipo? Mkusanyaji aliyezoezwa kutuma na kusubiri jibu hawezi kuuliza hivyo, maana mashaka yake yote yamekwisha kukabidhiwa pamoja na vichupa.

Jambo hilohilo linawagusa perege wa Mweru. Perege wa Nile, anayefugwa mabwawani sehemu nyingi za Afrika, huzaana na spishi nyingine za Oreochromis anapokutana nazo. Mtafiti wa Katanga anayetaka kujua kama perege wa ziwa wamechanganyika na wa mabwawa anaweza kutuma mapezi mia na kurudishiwa orodha safi: wote ni mweruensis kwa COI. Orodha hiyo itakuwa sahihi na itampotosha. COI imo katika DNA ya mitokondria, ambayo samaki huipata kwa mama peke yake. Chotara wa mama wa ziwa na baba wa bwawani atasomeka kuwa wa ziwa. Kumwona chotara kunahitaji alama za DNA ya kiini, ambako baba na mama wote wana fungu. Maabara iliyolipwa kusoma COI imesoma COI, na haina lawama. Swali halikuwa lake. Mwenye swali ndiye anayepaswa kujua mbinu, kwa kuwa kuchagua mbinu ni sehemu ya kuuliza swali.

Na maswali ya ziwa hili ni makubwa. Mwaka 2019 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walionyesha katika jarida la Nature Communications kwamba samaki wa jamii ya sikilidi waliotoka upande wa Ziwa Bangweulu walipofika Mweru walichanganyika na koo za Kongo, na kutokana na mchanganyiko huo spishi nyingi mpya zikachipuka ziwani. Katika Bangweulu, ambako mchanganyiko haukuonekana, mchipuko huo haukutokea. Kwa wataalamu wa mageuko hilo lilikuwa pigo kwa dhana ya zamani kwamba uchotara huzuia spishi kuzaliwa. Ziwa lenye historia kama hiyo halijamaliza mambo yake, na wanaoishi kando yake hawapaswi kuwa wapiga makasia wa msafara wa wengine.

Ipo pia hoja ya muda: katika mlipuko wa ugonjwa, husemwa, hakuna nafasi ya kufundishana. Historia ya Ebola inasema vingine. Mwaka 1976 mtaalamu wa virusi Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda Yambuku, kaskazini mwa nchi, akachukua damu za wagonjwa. Sampuli ya mtawa wa Kibelgiji ikasafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya thamosi, na huko kirusi kikaonekana kwa hadubini. Kwa miaka mingi simulizi ya ugunduzi ilianzia Antwerp. Wakati ule njia nyingine haikuwapo. Lakini katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ambayo wakati huo Muyembe huyohuyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake, iliweka mfumo wake wa kusoma jenomu ndani ya nchi, na jenomu mpya 744 zikatangazwa. Washirika wa nje walikuwapo. Tofauti ni kwamba walikuja kufundisha mbinu na kukaa kando ya meza, na majibu yalirudi kwa wahudumu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa muda ungali unaruhusu. Kufundishana ndiko kulikoleta kasi.

Wengine huikwepa hoja kwa kutaja mashine zinazojiendesha. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010, imeleta PCR ya kifua kikuu kwenye hospitali nyingi ambazo zamani zilitegemea hadubini: makohozi huingia kwenye katriji, na jibu hutoka kabla ya jioni, pamoja na taarifa ya usugu kwa dawa ya rifampisini. Ni baraka kubwa na hakuna wa kuibeza. Hata hivyo katriji hujibu swali moja tu, lililoandikwa kiwandani. Mashine ikionyesha hitilafu mara tatu mfululizo, anayeielewa PCR atashuku makohozi mazito, joto la chumba au umeme. Asiyeielewa atamaliza katriji. Mashine inayojiendesha huongeza haja ya mtu wa kuulizwa, kwa sababu imeficha hatua zote ambazo zamani zingeonekana kwa macho.

Nyuma ya maoni ya kutuma kuna jambo jingine, nalo ni aibu. Methali isemayo kuuliza si ujinga hukaririwa shuleni kote, lakini katika idara nyingi za vyuo vikuu mwenye shahada ya udaktari anayemuuliza fundi wa maabara jinsi ya kuandaa jeli huhesabiwa amejishusha. Kutuma sampuli kunaficha kutojua. Kuuliza kunakuweka wazi. Yafaa basi ikumbukwe jinsi fani hii ilivyojengwa. Mwaka 1945 mwanafizikia Max Delbrück alianzisha huko Cold Spring Harbor, Marekani, kozi ya kiangazi ya kufundisha kazi ya virusi vya bakteria kwa mikono, na wanafizikia waliokuwa na majina makubwa walikaa kwenye viti vya wanafunzi. Kitabu cha mbinu cha Maniatis, Fritsch na Sambrook, kilichotoka 1982 na kuwekwa kwenye meza za maabara dunia nzima, kilikua kutokana na maandishi ya kozi iliyofanyika hapohapo. PCR yenyewe ilikuwa wazo la Kary Mullis la mwaka 1983, lakini wazo hilo lilikuwa gumu kulithibitisha mezani. Mikono ya Randall Saiki, Henry Erlich na wenzao wa kampuni ya Cetus ndiyo iliyolifikisha kwenye makala ya 1985 iliyoitangaza mbinu. Makala hiyo ilihusu utambuzi wa selimundu, ugonjwa ambao familia za Katanga zinaujua vizuri mno. Tuzo ya Nobel ya 1993 ilimtaja Mullis peke yake kwa kazi hiyo, na labda ndiyo sababu watu hudhani kwamba mbinu huzaliwa kichwani mwa mtu mmoja. Fani nzima ni mnyororo wa watu walioulizana.

Kuuliza kwenyewe kuna ufundi wake. Anayesema "PCR yangu haifanyi kazi" hasaidiki. Anayeeleza DNA ilitoka wapi na ilihifadhiwaje, kiasi chake, praima na joto lake, mizunguko mingapi, na anayeonyesha picha ya jeli yenye shahidi chanya na shahidi hasi, amekwisha kufika nusu ya jibu. Shahidi chanya, yaani sampuli inayojulikana kuwa na kinachotafutwa, akitoka giza, tatizo liko kwenye vitendanishi au mashine. Akitoa mstari nayo sampuli ya Pweto ikabaki giza, tatizo liko kwenye sampuli au kwenye praima zisizoifaa. Shahidi hasi, ambaye ni maji matupu, akitoa mstari, kuna uchafu wa DNA chumbani, na matokeo yote ya siku hiyo hayaaminiki hata yakipendeza kiasi gani. Makala za majarida hazisaidii sana hapa, kwa kuwa huandika njia iliyofanikiwa na kuacha zile kumi zilizoshindwa. Zile kumi hupatikana kwa mazungumzo, na kwa mtu wa Lubumbashi zitaeleweka vema zaidi zikizungumzwa kwa Kiswahili au Kifaransa kuliko kusomwa kwenye karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya kasha la vitendanishi.

Wa kuulizwa wapo karibu kuliko inavyodhaniwa. INRB ina maabara Kinshasa. Kituo cha utafiti wa biolojia cha BecA, kwenye kampasi ya taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, Nairobi, kimepokea watafiti wa Afrika waliokuja na sampuli zao, wakazifanyia kazi kwa mikono yao wenyewe wakiwa na mtaalamu kando, kisha wakarudi makwao na data pamoja na ujuzi. Utaratibu huo ni bora kuliko wa kutuma kwa kila kipimo: sampuli husafiri, na mwenye swali husafiri nayo. Lusaka, mji mkuu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka, ina wataalamu wa samaki walewale.

Yote haya hayasemi kwamba kila hatua ifanywe Pweto, wala kwamba kutuma ni haramu. Maabara nyingi za Ulaya zenyewe hutuma bidhaa ya PCR kwa kampuni ili isomwe, na hakuna anayeona vibaya, kwa sababu mtafiti amekwisha kuchagua jeni, ameiona jeli yake, na atakagua mwenyewe kila herufi yenye shaka mafaili yakirudi. Mpaka upo hapo. Hatua inayoweza kuelezwa kikamilifu kwenye fomu ya oda yaweza kutumwa popote. Hatua inayohitaji mashaka, uchaguzi na kumbukumbu ya ufukweni inapaswa kubaki kwa mwenye swali, hata ikichukua miezi mitatu badala ya mmoja.

Kwa Pweto, gawanyo hilo linawezekana kwa vifaa vya kawaida. Hatua ya ufukweni ni ethanoli nzuri, vifuniko vinavyobana, daftari, na kwa kipindupindu karatasi ya kichujio, ambayo ikidondoshewa sampuli na kukauka huhifadhi DNA bila barafu. Kutoa DNA kwa resini ya Chelex au kwa chumvi hakuhitaji kasha ghali. Kunahitaji maji ya moto, mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi na mtu aliyeonyeshwa. PCR na jeli ni kazi ya Lubumbashi, ambako kuna chuo kikuu, na mtaalamu wa maabara wa hospitali ya Pweto anapaswa kuwapo mezani wiki ambayo sampuli zake zinafunguliwa. Usomaji wa herufi waweza kwenda Kinshasa au Nairobi. Mafaili hurudi Lubumbashi kukaguliwa, na majibu hurudi Pweto yakiwa na maelezo ya sampuli zipi zilishindwa na kwa nini, ili chupa za safari inayofuata zijazwe vingine.